Uzito wa Vidole Vitatu

Tate Marsik, mrushaji wa timu ya shule, aliangushwa mara saba Ijumaa ile, na kufikia Jumamosi asubuhi mji mzima wa Zelenka ulikuwa umeshakubaliana kwamba kosa ni lake. Kwenye mgahawa ulio jirani na maghala, ambako wakulima hunywa kahawa wakisubiri mahindi yao yapimwe unyevu, walisema kijana anakaa na mpira kama mtu aliyeshika barua asiyotaka kuifungua. Walisema pia kwamba Cale Sindelar, mkimbiaji, miguu imemwisha. Mwaka jana alikuwa anapita katikati ya watu kama maji. Mwaka huu anafika kwenye uwazi, anasita, anacheza ngoma mahali pamoja, anaangushwa.

Hakuna aliyeutaja ukuta, wale wachezaji wanaosimama mbele kumlinda mrushaji. Ukuta hautajwi. Mtu akienda uwanjani anautazama mpira, na watu wa ukuta hawaugusi mpira, isipokuwa yule wa katikati, naye hukaa nao kwa muda wa kupepesa jicho tu.

Lane Hruska, aliyekuwa meza ya pembeni na baba yake, aliyasikia yote hayo huku akila mayai kwa mkono wa kushoto. Baba yake, Vern, hakuuona mkono. Alikuwa anakula haraka arudi shambani.

Shule ya Zelenka ilikuwa na wavulana kumi na watano tu wa kucheza mpira wa Kimarekani, na shule ndogo namna hiyo huingiza wanane kila upande badala ya kumi na mmoja. Ukuta wao ulikuwa wa watu watatu. Boone Kucera alikaa katikati, na ndiye aliyeupitisha mpira kati ya miguu yake kumpa Tate, mrushaji, aliyesimama nyuma. Jonah Beran alikaa kushoto, Lane kulia. Kazi yao ilikuwa ya namna mbili. Tate akitaka kurusha mpira mbali, watatu hao walirudi nyuma hatua mbili tatu na kusimama kati yake na watu wanaomjia. Tate akimkabidhi Cale mpira akimbie nao, walikwenda mbele, wakawasukuma watu wa upande wa pili, wakafungua uwazi wa kupita mtu mmoja.

Mrushaji huhitaji sekunde tatu. Ukuta ukimpa tatu, huonekana ana akili. Ukimpa moja na nusu, huonekana mwoga.

Vern ndiye aliyewafundisha watatu hao, bila malipo, tangu wakiwa na miaka tisa. Mwenyewe aliwahi kucheza nafasi ya kulia, zamani, na somo lake la kwanza lilikuwa mkono. Kabla mpira haujaondoka, mtu wa ukuta huinama na kuweka vidole vitatu vya mkono mmoja kwenye nyasi: gumba, cha shahada na cha kati. Uzito wa vidole hivyo, Vern alisema, uwe uleule kila mara. Uwe unakwenda mbele au unarudi nyuma, uwe umeshiba au una homa, aliye mbele yako asione tofauti yoyote. Mazoezini alipita nyuma yao na kuusukuma mkono wa kila mmoja kwa ncha ya buti. Aliyeanguka kifudifudi alikuwa ameegemea mno. Aliyebaki vilevile kama mtu aliyechuchumaa chooni hakuwa ameegemea kabisa. Wote wawili waliuzunguka uwanja mbio.

Lakini Oktoba mahindi yalikauka, na Vern akaingia kwenye kombaini ya kuvunia. Kila mwaka ni hivyo. Kwa wiki nne hakuna mwenye ardhi anayeonekana mazoezini. Kocha Pelan, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu na hakuwa na hata ekari moja, alibaki peke yake na wavulana kumi na watano, na kama watu wengine wote aliutazama mpira.

Kidole kilivunjika Jumapili, mwanzoni mwa mavuno hayo. Lane alikuwa anaunganisha tela la mahindi kwenye trekta, na tela likasogea kabla pini haijaingia. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kilibanwa kati ya chuma na chuma. Alikitoa, akakitazama kinavyobadilika rangi, kisha akaipachika pini kwa mkono wa kushoto. Baba yake alikuwa mita mia mbili mbele, anaigeuza kombaini mwisho wa mstari. Lane akampungia mkono wa kushoto, ule mzima, kumwonyesha kwamba tayari.

Alijua kitakachofuata akisema. Kidole kingepigwa picha, kingefungwa banzi, na wiki sita za kusubiri zingekwisha msimu ukiwa umeshakwisha. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Mwaka ujao Zelenka ingeunganishwa na Harlow kuwa shule moja, huko Harlow, yenye jina jipya na rangi mpya, na jezi namba 64 ambayo baba yake aliivaa kabla yake ingeingia kwenye boksi. Hakuwa na ndoto za kucheza chuoni. Hakuna chuo kinachomtafuta mtu wa ukuta mwenye kilo themanini na nane. Alitaka mechi tano zilizobaki, basi.

Kwa hiyo alikifunga kidole pamoja na jirani yake kwa plasta nyeupe, mizunguko mingi, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu nusu ya wachezaji hufunga vidole plasta. Akacheza mechi mbili. Timu ikafungwa zote mbili, na Tate akaangushwa mara tano katika ya kwanza na saba katika ya pili.

Jumatatu Kocha Pelan alimwita Tate kando ya uwanja. Lane alikuwa karibu, anafunga kamba za viatu polepole kwa sababu ya kidole, akasikia. Kocha hakumkaripia. Alimwambia tu, kwa sauti ileile anayofundishia hesabu, kwamba macho yake yamebadilika. Zamani alikuwa anawatazama wenzake wanaokimbia kwenda kupokea mpira. Siku hizi anawatazama wanaokuja kumwangusha. Mrushaji akianza hivyo ni vigumu kumrudisha. Ijumaa, dhidi ya Harlow, kama mambo yatakuwa yaleyale, atampa mtu mwingine nafasi ya kurusha.

Tate aliitikia kwa kichwa. Hakujitetea, wala hakumlaumu mtu. Lane alimaliza kiatu cha kwanza, akaanza cha pili.

*

Alhamisi watu wa ukuta hula nyumbani kwa mrushaji. Huo ni utaratibu wa zamani Zelenka, na una masharti. Mama wa mrushaji hupika. Mrushaji mwenyewe huwapakulia watatu wake na hakai mezani hadi wote watatu waseme wameshiba. Mkimbiaji akitaka anaweza kuja, lakini naye hupakua. Hakuna sababu inayotolewa, na hakuna anayeiuliza. Anayelindwa ndiye anayebeba sahani.

Mama yake Tate, Colleen, alikuwa amepika mchuzi mzito wa nyama ya kusaga na maharage, wenye pilipili, na mikate ya mdalasini iliyopakwa sukari juu, kwa sababu Zelenka viwili hivyo huliwa pamoja. Lane alikawia jikoni akinawa. Alitaka wenzake waanze kula kwanza, wasimwone anavyoshika kijiko.

Colleen alikuwa anasugua sufuria. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mfanyakazi wa posta, na Lane hakukumbuka mara ya mwisho walipokuwa wawili tu.

"Lane, nikuambie kitu, lakini usinicheke."

"Sikucheki, mama."

"Tangu waanze kumwangusha vile, siwezi kumtazama Tate. Nalipa kiingilio, nakaa pale juu na blanketi langu, halafu macho yanakataa. Kwa hiyo nakutazama wewe."

Lane akauliza kwa nini yeye.

"Mkono wako. Hiyo plasta nyeupe naiona hata kutoka jukwaani. Weupe ukizama kwenye nyasi, najua mpira anapewa Cale, natulia. Weupe ukibaki juu, najua Tate anarusha, nafumba macho." Aliisuuza sufuria. "Sijakosea hata mara moja. Nadhani ndivyo mnavyofundishwa, eti?"

Maji yalikuwa bado yanamwagika juu ya mkono wa Lane. Aliufunga mfereji.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ndivyo."

"Usimwambie Tate. Atasema mama yake ameanza uchawi."

Lane alikwenda kukaa kwenye kiti chake. Hakuhitaji kuwaza sana. Mpira ukienda kwa Cale, yeye Lane huruka mbele, na huwezi kuruka mbele bila kuuegemea mkono. Alikuwa anauma meno na kuegemea. Tate akirusha, yeye Lane hurudi nyuma, na kurudi nyuma hakuhitaji mkono. Kidole kilikuwa kinajipumzisha chenyewe, bila kumwomba ruhusa. Kama mama anayeuza stempu ameyaona hayo kutoka jukwaani, yule anayesimama hatua moja mbele ya mkono ameyaona zaidi. Na timu hupeana video za mechi zao kabla ya kukutana. Harlow walikuwa na siku nne za kuitazama plasta yake.

Tate alikuja na mabakuli. Alibeba moja moja, kwa mkono wa kulia, kwa sababu bega la kushoto halikuwa linainuka.

"Mhudumu," Boone alisema, "bakuli langu lina nywele."

"Ni zako. Zimeanza kukuhama mapema."

"Mama, huyu ana dharau kwa wateja."

"Mle mnyamaze," Colleen alijibu kutoka jikoni.

Jonah alisema Tate naye aonje walau kijiko, maana kuangushwa na tumbo tupu kunaumiza zaidi. Boone alicheka, na Tate akacheka kidogo, kisha akasimama pale na bakuli la Lane mkononi.

"Kesho nitautoa mpira mapema zaidi," aliwaambia. "Nimekuwa nauchelewesha. Ninyi fanyeni tu mnavyofanya."

Akaliweka bakuli mbele ya Lane. Lane alikula kwa mkono wa kushoto, na mchuzi haukuwa na ladha yoyote.

Nyumbani aliinama sakafuni chumbani kwake, akaweka vidole vitatu chini na kuvipa uzito wote. Mara tano aliweza. Mara ya sita machozi yalimtoka, si ya huzuni, ni ya kidole tu. Alijiambia kwamba mechi nzima ni kama mara hamsini, na kwamba hamsini si nyingi ukizichukua moja moja. Uamuzi wake ulikuwa huo: ataegemea kila mara, sawasawa, na hatalazimika kumwambia mtu.

*

Uwanja wa Harlow hauna taa za kutosha, kwa hiyo mechi zao huanza saa kumi jioni. Mbele ya Lane alisimama namba 44 wa Harlow, kijana mrefu mwenye macho yaliyotulia, ambaye kabla ya kila mpira hakumtazama Lane usoni hata mara moja. Alitazama chini.

Robo ya kwanza Lane aliegemea kila mara. Plasta ilizama kwenye nyasi kila mara. Namba 44 alitazama, akatazama tena, akageuka kuwatazama wenzake kama mtu aliyekuta mlango umefungwa kwa kufuli jipya. Na mambo yakabadilika kwa namna ambayo mtu wa jukwaani angeuita muujiza. Cale alipewa mpira, akafika kwenye uwazi, uwazi ukawa bado upo, akapita bila kusita: yadi saba. Akapewa tena: yadi tano. Baada ya hapo Harlow walianza kumsogelea Cale, na waliposogea, nyuma yao pakabaki wazi, na Tate akasimama wima, akahesabu sekunde zake tatu, akaurusha mpira pale palipo wazi. Zelenka wakapata pointi nane. Boone alimpiga Lane kofi la kichwa kwa furaha.

Robo ya pili kidole kilikataa. Lane hakuamua. Aliinama, akaweka vidole, na mkono ukajiinua kidogo wenyewe, kama mkono unavyojiinua kutoka kwenye sufuria ya moto.

"Mvua," namba 44 alisema, si kwa sauti kubwa. "Mvua, mvua."

Na wote wa Harlow walikuja mbio hata kabla Tate hajarudi nyuma. Aliangushwa chini ya watu wawili.

Mpira uliofuata ulikuwa wa Cale. Lane aliuma meno, akaegemea.

"Tope," namba 44 alisema. Wakajazana kwenye uwazi, na Cale alipofika hapakuwa na pa kupita.

Ndipo Lane alipokumbuka kwamba katika mechi zile mbili pia kulikuwa na mtu mbele yake anayesema maneno kabla ya mpira. Timu nyingine, maneno mengine. Alikuwa ameyachukulia kama kelele. Sasa alisikiliza mkono wake ukisomwa kwa sauti, mvua, tope, mvua, na kila neno lilikuwa sahihi. Alijaribu kudanganya mara moja: akaegemea wakati wa kurusha. Kidole kilimpa maumivu yaliyompofusha kwa muda, akachelewa kurudi nyuma, na namba 44 akampita ubavuni na kumpiga Tate kwenye bega lilelile.

Tate aliinuka kwa awamu: goti, goti jingine, kisha mwili. Mara iliyofuata Lane aligeuza kichwa kumtazama na akaona alichokisema Kocha. Macho ya Tate yalikuwa yamekwisha kushuka. Hakuwa anawatazama wapokeaji walioko mbali. Alikuwa anautazama ukuta, upande wa kulia, anasubiri watu watoke hapo. Aliurusha mpira kabla hajajua anamrushia nani, na Harlow wakaudaka. Cale naye alikuwa ameanza ngoma yake: anafika, anasita, anageuka huku na huku, kwa sababu hakuamini tena kwamba uwazi utakuwepo.

Kufikia mapumziko walikuwa wamefungwa 20 kwa 8.

Chumba walichopewa kilikuwa cha mazoezi ya mieleka, kina mikeka sakafuni. Tate alikaa chini, ameegemea ukuta wa chumba, na mfuko wa barafu begani. Kocha Pelan alisimama mbele yake, akavua kofia, akaivaa tena.

"Tate," alianza, "tulizungumza Jumatatu."

"Ndiyo, Kocha."

Lane alikuwa ameshaanza kuifungua plasta. Ilikuwa ndefu, na mwisho ilishika ngozi, akaivuta kwa meno. Wenzake walio karibu waligeuka kwa sababu ya sauti hiyo. Kidole kilikuwa na rangi ya bilinganya na kimepinda kwenye kiungo cha pili.

"Kocha, si yeye," Lane alisema. "Ni mimi ninayewaambia."

Kocha aliuliza anawaambia akina nani, kitu gani.

"Harlow. Na wale wengine waliotangulia. Mkono wangu ndio unaowaambia. Tukikimbia naegemea, tukirusha siegemei, kwa sababu kinauma. Wanausoma. Yule 44 anasema mvua tukirusha, anasema tope tukikimbia. Hajakosea." Alimeza mate. "Hata mama yake Tate anauona kutoka jukwaani."

Boone alikichukua kile kidole, akakitazama karibu, akakiachia.

"Tangu lini?"

"Siku kumi na tisa."

"Siku kumi na tisa umekaa mezani kwao unakula," Boone alisema.

Cale aliyekuwa amelala mkekani alijiinua kwa kiwiko. "Mimi nimekimbia ngazi za shule kila asubuhi wiki mbili," alisema. "Nilidhani miguu imekufa."

Tate alikuwa bado ameketi. Mfuko wa barafu ulikuwa umeteleza kutoka begani na hakuwa ameuona. Alimtazama Lane, na Lane akasubiri tusi, akalitaka kabisa.

"Kwa hiyo sikuwa mwoga," Tate alisema.

"Hapana."

"Nilidhani nimekuwa mwoga. Usiku nalala nawaza nimekuwa mwoga lini."

Kisha akauokota mfuko wa barafu, akaurudisha begani, akamwuliza Kocha ni nani ataingia kulia.

Aliingia Odin Fiala, kijana wa mwaka wa pili, mnene, mzito wa miguu, aliyekuwa hajawahi kucheza zaidi ya dakika mbili mfululizo. Lane alikaa naye zile dakika nne zilizobaki, akamwinamisha kwenye mkeka, akausukuma mkono wake kwa ncha ya kiatu. Odin akaanguka kifudifudi.

"Punguza," Lane alisema. Akausukuma tena. "Hapo. Hapohapo. Kila mara."

"Na nikisahau nakwenda mbele au nyuma?"

"Ukisahau simama tu njiani. Wewe ni mkubwa, watakuzunguka."

"Hiyo naiweza," Odin alisema.

*

Siku hiyohiyo, kilomita thelathini kutoka hapo, Vern Hruska alikuwa kwenye kombaini anasikiliza mechi redioni. Alimsimulia Lane baadaye. Kwa miaka minne alikuwa amesikiliza kila mechi iliyochezwa wakati wa mavuno, na mtangazaji hakuwahi kulitaja jina la mwanawe, jambo ambalo kwa mtu wa ukuta ni kawaida, hata ni sifa. Mwanzoni mwa kipindi cha pili mtangazaji alisema Hruska ametoka, mkono, ameingia Fiala. Vern aliisimamisha kombaini katikati ya mstari. Hakushuka. Alikaa tu na injini inanguruma, akakumbuka tela, na mkono uliopungwa kutoka mbali, na kwamba wakati ule aliona ni mkono wa kushoto na hakujiuliza kwa nini.

Lane alikitazama kipindi cha pili akiwa amesimama pembeni na kidole kimefungwa kipande cha ubao. Hakuutazama mpira. Alivitazama vidole vya Odin, kisha uso wa namba 44. Odin hakuwa mzuri. Alikuwa anasukumwa nyuma nusu hatua karibu kila mara. Lakini mkono wake haukusema kitu, na namba 44 aliinama, akatazama, na hakuwa na neno la kuwapa wenzake. Walilazimika kusubiri mpira utoke ndipo wajue. Kusubiri huko ni nusu sekunde tu. Cale alizitumia nusu sekunde hizo: yadi nne, yadi nne, tatu, sita. Hakuna aliyeshangilia yadi nne. Lakini baada ya mbio kumi za namna hiyo, Harlow walianza kukaa wamejikunyata wakimsubiri Cale, na Tate akapata muda. Mara ya kwanza alipokaa na mpira hadi sekunde ya tatu, Lane aliona kidevu chake kimeinuka. Alikuwa anatazama mbali.

Lane aligeuka akatazama jukwaani. Colleen Marsik alikuwa pale juu na blanketi lake. Alikuwa ameinama mbele, anatafuta kitu upande wa kulia wa ukuta, na hakioni: jezi ngeni, mkono usio na plasta. Mpira ulitoka. Alichelewa kufumba macho. Akamwona mwanawe amesimama, akamwona anarusha, akauona mpira ukifika. Aliweka mkono mdomoni na hakuutoa hadi mwisho.

Zelenka walifungwa 28 kwa 26. Gazeti la wilaya liliandika kwamba Marsik amerudi katika hali yake na kwamba Sindelar amepata yadi mia moja thelathini na moja, nyingi kuliko mechi zote tatu zilizopita. Lilijaza safu nzima. Neno ukuta halikuwamo.

*

Alhamisi iliyofuata Lane alikaa garini nje ya nyumba ya akina Marsik kwa muda. Daktari alikuwa amekinyoosha kidole na kukifunga banzi la chuma, na kumwambia kitabaki na kibyongo. Hakuwa na hakika kama ameitwa. Hakuna anayeitwa Alhamisi. Watu wa ukuta huja tu. Mwishowe aliingia kwa mlango wa jikoni.

Mezani kulikuwa na viti vitatu, kama kawaida. Boone, Jonah, na kwenye kiti cha kulia Odin Fiala, amevaa shati la kola kana kwamba amekuja harusini. Wote watatu walimtazama Lane. Odin alianza kuinuka.

"Kaa," Boone alimwambia Odin. Kisha akamtazama Lane, bila tabasamu na bila hasira. "Sisi tuna njaa. Mhudumu mmoja hatoshi."

Tate alikuwa jikoni na upawa mkononi. Bega lake lilikuwa limeanza kuinuka. Alimsogezea Lane rundo la mabakuli kwa kiwiko.

Colleen alikiona kile chuma. Alikishika kidole kwa ncha za vidole vyake, akakigeuza kwenye mwanga, akakirudisha polepole kama kitu cha kuazima.

"Ungeniambia pale kwenye sinki," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa nakutazama wewe tu, na sikukuona."

Lane alibeba bakuli la kwanza kwa mkono wa kushoto, akalipeleka kwa Boone, la pili kwa Jonah. La tatu aliliweka mbele ya Odin. Odin alilichungulia, akamtazama Lane kwa hofu kidogo, kisha akajipa moyo.

"Mhudumu," alisema, "ongeza nyama."

"Usimzoeshe," Tate alisema kutoka jikoni.

Lane alirudi kwenye sufuria, akachota upawa mwingine, akamwongezea.